Kipindi Kilichokosa Mdhamini: Nat King Cole Katika Televisheni ya Marekani, 1956–1957

Makala haya yanaeleza kisa cha kipindi cha televisheni cha Nat King Cole, kilichorushwa na shirika la NBC la Marekani kwa miezi 13 tu, pamoja na mambo mawili ambayo mwalimu wa tafsiri anaweza kuyatumia darasani.

Cole alizaliwa Alabama mwaka 1919, akalelewa Chicago. Alianza kama mpiga piano wa jazi na mwaka 1937 akaunda kundi la wanamuziki watatu. Baadaye sauti yake ilimpatia umaarufu mkubwa zaidi kuliko piano. Kipindi chake kilipoanza tarehe 5 Novemba 1956, alikuwa mwimbaji mkongwe aliyependwa na Weusi na Weupe. Hata hivyo, umaarufu huo haukumkinga: Aprili mwaka huohuo alishambuliwa na Wazungu akiwa jukwaani mjini Birmingham, Alabama.

Kilikuwa kipindi cha burudani mchanganyiko. Mwenyeji huimba, hukaribisha wageni, huzungumza nao kidogo na kuimba pamoja nao. Kilianza kwa dakika 15 kila wiki, na Julai 1957 kikaongezwa hadi nusu saa. Miongoni mwa wageni walikuwa Ella Fitzgerald, Harry Belafonte na Peggy Lee. Wengi walikubali malipo ya kiwango cha chini kabisa ili kukisaidia kiendelee.

Tatizo lilikuwa mdhamini. Enzi hizo, vipindi vingi vikubwa vya Marekani viliendeshwa kwa fedha za kampuni iliyonunua muda wa matangazo na kukihusisha kipindi na bidhaa yake. Kampuni zilizouza bidhaa nchi nzima zilihofia kwamba wateja Weupe, hasa wa majimbo ya Kusini, wangezisusia. Wadhamini wa maeneo machache walipatikana, lakini wa kudumu wa taifa zima hakupatikana. NBC iliubeba mzigo huo kwa muda. Ilipopendekeza kukihamishia kipindi kwenye saa yenye watazamaji wachache, Cole alikataa. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 17 Desemba 1957.

Jambo la kwanza kwa darasa ni tofauti kati ya mfadhili na mdhamini, maneno ambayo wanafunzi wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Mfadhili hutoa fadhila, na anaweza kuitoa kwa siri. Mdhamini huweka dhamana, kama yule anayesimama mahakamani ili mshtakiwa aachiliwe: lazima ajitokeze na jina lake liandikwe. Kampuni hizo hazikukosa fedha. Zilichokataa ni jina lao kuonekana kando ya jina la Cole. Kwa hiyo, katika kisa hiki, neno sahihi ni mdhamini.

Jambo la pili ni kauli maarufu ya Cole kwamba Madison Avenue, mtaa wa New York uliosifika kwa mashirika ya matangazo ya biashara, unaogopa giza. Kwa Kiingereza, neno alilolitumia lina maana mbili: ukosefu wa mwanga na weusi wa ngozi. Hivyo aliwafananisha wakubwa wa biashara na watoto wanaoogopa usiku, na papo hapo akataja ubaguzi wao. Kiswahili hutenganisha maana hizo: giza ni la usiku, mtu ni mweusi. Tukitafsiri kwa “giza”, lawama hufifia. Tukitafsiri kwa “weusi”, kejeli hupotea. Pendekezo letu ni kubaki na “giza”, ila sentensi inayotangulia imweleze msomaji kwamba waliohofiwa ni watu Weusi.

Wanafunzi wapewe kauli hiyo bila historia yake, waitafsiri, kisha wasimuliwe kisa na kuirudia kazi yao. Tofauti kati ya tafsiri hizo mbili itawafundisha umuhimu wa muktadha kuliko maelezo marefu ya mwalimu.