Askari Wasio na Kaburi

Kila mwaka, Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba, hufanywa ibada ya kuwakumbuka wanajeshi kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Wenzangu wengi hudhani hiyo ni siku ya Wazungu. La hasha! Wasomaji wapenzi, hebu nisikizeni.

Pale kuna ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki ambao makaburi yao hayajulikani. Baadhi yao waliondokea papa hapa pwani. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Haikuchukua hata dakika tatu, imezama! Walikufa watu 1,297. Sasa aliyelala chini ya bahari utamwekea wapi maua? Ndipo majina yao yakaandikwa Nairobi.

Hao afadhali. Taabu ni wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, wale wa Kariakoo, waliobeba risasi na unga vichwani. Maradhi yaliwamaliza kuliko bunduki. Wagiriama walikataa kutoa vijana wao kwa kazi hiyo, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyoleta vita vyao na Waingereza mwaka wa 1914. Katika sanamu za askari mjini Nairobi mpagazi naye amesimama, lakini jina hana. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina. Huenda wakafika 350,000. Ikaomba radhi.

Mimi naona wazee wetu wa Kimijikenda walilijua jambo hili zamani. Familia ikihama, vigango huachwa palepale, na koma nyingine husimamishwa kwenye mji mpya kwa ajili ya marehemu yuleyule. Maiti haifukuliwi. Basi hata mpagazi aliyefia Tanganyika angeweza kusimamishiwa koma hapa Junju, mradi awepo mtu anayelikumbuka jina lake.