Zawadi Niliyoiacha Dukani

Bumu lilipoingia mwezi wa saba, dada yangu wa Nyaishozi akanipigia simu. Alikuwa na mtoto wa wiki tano. "Mdogo wangu, ukija likizo niletee ile seti ya kulalia mtoto, yenye mto na vile vimito vya kuzungushia kitanda."

Dukani niliikuta, shilingi 45,000, laini na ya kupendeza. Nilikuwa nimeshatoa hela mfukoni, rafiki yangu anayesoma uuguzi akanizuia: "Hiyo acha. Mtoto mchanga halalii mto."

Nilidhani ananitania, nikaanza kusoma. Wanachuo wenzangu, nawaletea nilichokipata, maana wapo kati yetu wanaolea mageto, na wengi tunatumwa zawadi kama hizi.

Mtoto mchanga shingo yake haina nguvu. Pua ikizama kwenye kitu laini, hawezi kujinasua. Anavuta tena hewa ileile aliyoitoa, oksijeni inapungua, na halii. Asubuhi nyumba nzima inashtuka, na lawama zinamwangukia mama. Kwa hiyo mtoto alale kwenye godoro gumu kiasi, lenye shuka lililobana, bila mto, bila midoli, bila blanketi zito. Marekani sheria ya mwaka 2022 ilipiga marufuku kuuza vile vimito vya kuzungushia kitanda. Sisi bado tunavinunua tukidhani ni upendo.

La pili ni kumlaza chali. Marekani walianza kampeni ya jambo hili mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Nilipomweleza bibi, akakataa katakata: "Mjukuu wangu, chali atapaliwa na maziwa!" Hofu yake ina mantiki, ila mwili umejengwa vingine. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula chini. Maziwa yakirudi, ni lazima yapande ndiyo yaingie kwenye hewa. Akilala kifudifudi, ni kinyume chake. Kifudifudi ni kwa mchana, akiwa macho na mtu anamwangalia, akaze shingo.

Tatu, baridi. Usiku wa Karagwe wakati huu unauma, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaweza kuua mama na mtoto pamoja. Mvalishe nguo zinazotosha, kisha gusa kifua chake. Kikiwa na jasho, umezidisha.

Wataalamu wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, ila sehemu yake mwenyewe. Kwa dada kitanda ni kimoja. Hela ya seti tukanunulia kigodoro kigumu na chandarua cha mwavuli, maana malaria kwetu haina likizo. Tukakiweka juu ya mkeka kando ya kitanda, mkono wa mama unafika. Akipitiwa na usingizi kitandani akinyonyesha, mito na mablanketi yawe mbali na mtoto, na akizinduka amrudishe kwake. Aliyekunywa pombe asilale naye kabisa. Na kwenye sofa ndiyo hatari zaidi, mtoto anabanwa kwenye mikunjo.

Usiku wa kwanza niliamka mara tatu. Mara zote nilikuta bibi ameshamgeuza ubavu, nami nikamrudisha chali. Asubuhi hatukusemeshana vizuri. Siku ya nne nikamkuta analitoa jiko nje mwenyewe, huku ananung'unika kuhusu wasomi.

Kuhusu chali bado tunabishana. Nimemwachia dada kazi ya kuamka.