RAMANI YA JENGO NDANI YA KOMPYUTA INATUHUSU NINI?



Sisi wa viwandani na mashambani tunafanya kazi chini ya mapaa yaliyopangwa na watu wengine. Kwa hiyo yafaa tuelewe jinsi majengo yanavyopangwa siku hizi.

Zamani msanifu alichora ramani yake kwenye karatasi, mhandisi yake, fundi umeme na fundi bomba kila mmoja yake. Makosa yalionekana wakati wa kujenga: bomba linakutana na boriti ya zege. Ukuta ukavunjwa, saruji ikapotea, na vibarua wakasukumwa wafidie siku zilizopotea.

Sasa wote wanaweza kuweka kazi yao katika mfano mmoja wa jengo ndani ya kompyuta. Utaratibu huo huitwa BIM. Si picha tu. Kila ukuta huandikiwa unene wake, vifaa vyake na bei yake. Mlango ukihamishwa, ramani zote hubadilika pamoja. Bomba likigonga boriti, kompyuta huonyesha kabla mfuko wa saruji haujafunguliwa. Serikali ya Uingereza ilianza kudai utaratibu huu katika miradi yake mwaka 2016.

Kazi nazo zinabadilika. Vipimo vikiwa kamili, vipande vingi hutengenezwa kiwandani, na kwenye ujenzi huunganishwa tu. Fundi asiyefundishwa kusoma ramani hizi ataachwa nyuma. Basi mafunzo yadaiwe mapema.

Lakini tusidhani kompyuta italinda maisha yetu peke yake. Tukumbuke Rana Plaza, nchini Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo hilo la viwanda vya nguo lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali. Nyufa zilionekana siku iliyotangulia, hata hivyo wafanyakazi waliamriwa kuingia. Kompyuta huweza kuhesabu uzito. Haiwezi kumzuia mwajiri asiyetaka kusikia.

Kwa hiyo, kiwanda kikiongezwa ghorofa au mashine nzito, kamati ya tawi iombe kuonyeshwa ramani na iulize: Sakafu inabeba uzito gani? Moto ukizuka tutatokea wapi? Nani ameidhinisha? Majibu yaandikwe na kutunzwa katika faili la tawi, ili atakayetufuata kazini ayakute.

Umoja ni nguvu.