Chumba cha Kupumzikia Katika Bafu la Nyumbani: Nani Anakaa Humo, na Nani Anamuona?



Hivi karibuni tulikuwa Mwanza kwa darsa, tukaalikwa chakula na familia ya Kipemba iliyohamia huko kwa biashara. Nyumba yao iko mlimani, baina ya majabali makubwa ambayo mji ule unajulikana kwayo, na inaelekea Ziwa Viktoria. Bwana wa nyumba amejenga uani bafu la mvuke, na mbele yake chumba cha kupumzikia: makochi, zulia, na dirisha la kioo kutoka sakafuni mpaka darini. Akatuuliza: "Sheikh, humu swala inasihi?" Tulipokuwa tunaaga, binti yake akatuletea swali jengine: "Shekhe, mama anakusalimu. Anauliza kama ana makosa, maana tangu chumba kimalizike hajaingia hata siku moja."

Tumeona tuyajibu yote mawili hapa, kwani vyumba kama hivi vinajengwa na huku kwetu visiwani.

Jambo lenyewe si geni

Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, akajenga ya Hamamni, hapo Mji Mkongwe, kwa matumizi ya watu wote. Katika hamamu za namna hiyo mtu hakutoka kwenye joto akaingia upeponi. Kulikuwa na pahala pa kukaa, mwili upoe, kisha avae. Anayezuru Kidichi ataona kuwa mwanga unaingia kutoka juu, kwenye kuba. Waliomo ndani walipata mwanga bila ya kuonekana na mtu.

Kwa hiyo asili ya chumba hiki ni halali. Kinachoangaliwa ni namna kilivyojengwa na kinavyotumika.

Mwenye haki ya kwanza ni mwanamke

Mtume (s.a.w.) amemzuia mwanamme mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kuingia hamamu bila ya shuka. Na katika Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ametahadharishwa mwanamke anayevua nguo zake pasipokuwa nyumbani kwa mumewe. Basi bafu la nyumbani ndilo linalomuondolea mwanamke tatizo hilo. Mwanamme anaweza kwenda ziwani au baharini na kikoi chake. Mwanamke yeye pa kwenda ni hapo tu.

Sasa tulitizame lile dirisha. Mwanza nyumba zimepandana mlimani, na jirani wa juu anaona uani kwa jirani wa chini. Kioo cha giza husaidia mchana tu. Usiku ukiwasha taa, wa nje ndiye anayeona ndani. Na mlango wa chumba kile unafungukia barazani, wanapokaa wageni wa mume. Bibi yule hana makosa hata kidogo. Amehifadhi sitara yake, na chumba ndicho kilichokosewa.

Anayejenga, basi, na aanze na mlango: ufungukie ndani ya nyumba, si barazani. Dirisha liwe juu ya kimo cha mtu aliyesimama. Mume na mke wanaweza kukaa humo pamoja bila ya uzito, kwani Bibi Aisha amesimulia kuwa alikuwa akioga na Mtume (s.a.w.) kutoka chombo kimoja. Ama mama na binti zake, au wanaume wao kwa wao, baina ya kitovu na magoti pafunikwe.

Swala ndani yake

Katika madhehebu ya Imam Shafi, kuswali bafuni ni makuruhu, ingawa swala inasihi pahala pakiwa tohara. Kwa Mahanbali haisihi. Imam Nawawi katika al-Majmuu ameona kuwa hata chumba cha kuvulia nguo kinaingia katika karaha hiyo. Basi akitaka kuswali karibu, nguo zivuliwe upande wa bafu, na mswala utandikwe kwengine ndani ya nyumba.

Vyombo na mapambo

Katika Sahih Muslim imekuja kuwa tandiko moja ni la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne la shetani. Humo pia Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa hatukuamrishwa kuyavisha nguo mawe na udongo. Baraza la saruji lenye mkeka na mito, sakafu isiyoteleza, kikoi na kanga kavu, mtungi wa maji ya kunywa: vinatosha. Picha za viumbe kwenye kuta ziachwe, na vyombo vya dhahabu na fedha ni haramu.

Pumzi na maji

Katika nyumba nyingi chumba kama hiki kitamfaa mzazi, kwa kukandwa na maji ya moto. Hapa tunatahadharisha sana: jiko la mkaa lisiingizwe ndani. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa kizito, akadhani ni usingizi, na huenda asiamke. Maji yachemshwe nje, na chumba kiwe na matundu ya hewa. Hata chetezo cha udi, mlango uwe wazi.

Wanaovuta maji ziwani wajue kuwa pwani za Ziwa Viktoria zina kichocho cha tumbo, nacho huingia kwa ngozi. Maji yakichemshwa, au yakiwekwa ndani ya tangi kwa siku mbili, vijidudu vyake hufa. Maji machafu yasirudishwe ziwani, ambako jirani anachota, Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Yeye mwenyewe alioga kwa pishi moja, takriban lita tatu.

Tulimwambia bwana yule haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nilifikiria mandhari ya ziwa tu, sikumfikiria yeye." Tukamwambia kuwa kuziba dirisha na kugeuza mlango ni kazi ya fundi ya siku chache. Na kila mwenye kujenga, kabla hajamwita fundi, na amuulize mkewe.

Wallahu aalam.