Mlima Kenya wakati wa baridi: panga pesa kabla ya kufunga mkoba

Julai ikifika, Nairobi huamka na mawingu na manyunyu, na watu hutembea wamejikunja ndani ya sweta. Wengi hudhani mlimani mambo ni mabaya zaidi. Baridi ipo, tena kali, lakini mvua ndefu za Machi hadi Mei zinakuwa zimeisha na mvua za vuli hazijaanza. Ndiyo maana Julai na Agosti ni miezi mizuri ya kupanda Mlima Kenya, na ndiyo maana vikundi vya WhatsApp na vyama huanza kuchanga pesa wakati huu.

Pesa zikianza kuchangwa, matapeli nao hawalali. Hebu tuone jinsi ya kulipia safari hii bila kulia baadaye.

Kiingilio: lipa mwenyewe

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, halichukui pesa taslimu langoni. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, nawe unaweza kulipa kwa simu ukiwa nyumbani. Ada hutegemea uraia, umri na siku utakazokaa, kwa hivyo angalia bei ya sasa huko huko, na ubebe kitambulisho.

Mtu akikuambia umtumie pesa za kiingilio kwenye nambari yake ya kibinafsi "akulipie haraka", jiulize kwa nini. Ikiwa kampuni ya safari ndiyo inalipa kwa niaba yenu, itisha risiti ya kila mtu kabla ya siku ya kusafiri.

Kiongozi na wapagazi: malipo kwa awamu

Mlima huu si wa kupanda peke yako. Mtahitaji kiongozi anayeujua, na pengine wapagazi na mpishi. Hapa ndipo pesa nyingi huenda.

Tuseme mko 8 na kila mmoja anatoa shilingi 6,000. Hizo ni 48,000. Msitume zote mara moja. Kubalianeni malipo ya awali, kwa mfano asilimia 30, yaani 14,400, na salio la 33,600 lilipwe mkikutana Nanyuki au Naro Moru, kabla ya kuingia langoni. Kabla ya kutuma hata shilingi moja:

- Itisha nambari ya till au ya biashara. Jina litakalotokea kabla ya kukamilisha malipo lazima lifanane na la kampuni mliyozungumza nayo. Likiwa tofauti, simamisha.
- Piga simu na uongee na mtu. Uliza njia mtakayopita, mtalala wapi na chakula ni cha nani. Mjuzi wa mlima hujibu bila kubabaika.
- Uliza pesa zitarudishwaje mkiahirisha, na jibu liandikwe.
- Ukiambiwa "nafasi zimebaki mbili, tuma sasa hivi", pumzika kwanza. Mlima hauhami.

Mweka hazina wa kikundi naye awe macho. SMS ya kughushi hufanana sana na ya kweli. Usihesabu mchango kwa kuangalia picha ya ujumbe uliotumwa kwenye kikundi. Angalia salio lako. Na ukikosea nambari, omba kurudishiwa papo hapo kupitia huduma kwa wateja. Mtu akishatoa pesa hizo kwa wakala, kuzirudisha huwa kazi ngumu.

Baridi ni ngapi?

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000. Nanyuki iko karibu mita 1,950, na Point Lenana, kilele ambacho wapandaji wengi hulenga, ni mita 4,985. Tofauti ni kama mita 3,000, yaani baridi zaidi kwa nyuzi 18 hivi. Kama Nanyuki usiku unatafuta blanketi, kule juu maji yanaganda.

Kwa hivyo tenga pesa za nguo: jaketi zito, glavu, marvin, soksi za sufu na begi zuri la kulalia. Mitumba ya Gikomba au Toi inaweza kukuokolea pesa, na baadhi ya vifaa hukodishwa. Beba chupa ya maji isiyo ya plastiki ya kutupwa; plastiki hizo zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020.

Ukishapita lango

Mtandao mlimani ni wa kubahatisha, na hakuna wakala. Baridi nayo humaliza betri haraka, kwa hivyo lala na simu ndani ya begi la kulalia. Maliza malipo yote mkiwa mjini, na ubebe noti chache za bahasha ya wapagazi. Mwachie mtu wa nyumbani nambari ya kiongozi wenu na siku mnayotarajiwa kushuka.

Pesa uliyolipa isikupandishe

Njia ya Sirimon huanzia lango lililo karibu mita 2,650. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300 na ya Shipton's inapita 4,200. Ukikimbia kupanda, mwili haupati nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Kichwa kikiuma sana, ukatapika, ukayumba au ukakosa pumzi hata umekaa, tiba ni kushuka, hata kama ni usiku na kilele kinaonekana.

Hapo ndipo watu hukosea. Wanasema, "Nimeshalipa, siwezi kurudi." Ndiyo sababu tunakuomba uache akiba kwenye simu ambayo haimo kwenye bajeti ya kikundi: nauli ya kushuka mapema, kitanda cha usiku mmoja Nanyuki, na pesa za daktari. Mwenye akiba hiyo hushuka bila aibu. Lenana itakuwepo mwaka ujao, na kiingilio kinaweza kulipwa tena.

Chaji simu, linda PIN yako, na safari njema.