Seva ya Utafutaji Inahitaji Diski na Kumbukumbu Kiasi Gani?

Mwaka 1998, Sergey Brin na Larry Page, wakiwa bado wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walichapisha maelezo ya injini ya utafutaji waliyoiita Google. Makala hiyo ilipata sifa kwa mbinu yake ya kupanga matokeo. Fundi wa seva atafaidika zaidi na jedwali dogo lililomo ndani yake, linaloonyesha kila kitu kilichukua nafasi gani kwenye diski.

Walikuwa wamekusanya kurasa milioni 24, zenye ukubwa wa gigabaiti 147.8. Zilipobanwa zikawa gigabaiti 53.5. Faharasa kamili ilichukua 37.2 na ile fupi 4.1, ilhali orodha ya maneno, milioni 14 kwa jumla, ilitosha katika megabaiti 293. Pamoja na mengineyo, mfumo mzima ulifika gigabaiti 108.7.

Faharasa ndiyo roho ya kazi yote. Ni kama ile ya mwisho wa kitabu: kila neno limeandikiwa kurasa linamopatikana, hivyo seva haipekui maandishi yote huku mtu akisubiri. Ukubwa wake hutegemea wingi wa maandishi, lakini pia hutegemea unataka ijue nini. Ukitaka itafute maneno yanayofuatana, sharti ihifadhi mahali pa kila neno ndani ya kila andiko. Ukitaka ianze kupendekeza majibu mtu angali anachapa herufi za mwanzo, vipande vya maneno navyo vitahifadhiwa, na faharasa itavimba.

Kiswahili kina mzigo wake. Anasoma, walisoma, tutakisoma, hakikusomwa: kwa programu isiyojua kuchambua vitenzi vyetu, hayo ni maneno manne yasiyohusiana. Orodha ya maneno hurefuka upesi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo viwango vilivyopimwa kwa maandishi ya Kiingereza visichukuliwe kama vilivyo.

Tukija kwenye kumbukumbu, Stanford wanatufundisha tena. Walipotafuta jina la Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, jibu lilitoka baada ya sekunde 2.13. Waliporudia muda mfupi baadaye, lilitoka kwa sekunde 0.06, kwa kuwa data ilikwisha kusomwa kutoka diskini na kubaki kwenye kumbukumbu. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza tofauti hiyo, ila hazijaiondoa.

Hapo ndipo wengi hupotea. Solr na Elasticsearch, programu mbili zinazotumika sana kwa kazi hii, zimejengwa juu ya Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999, na zote huendeshwa kwa Java. Mwenye seva ya gigabaiti 64 huona ni busara kuipa Java 60. La hasha! Lucene huuachia mfumo wa uendeshaji kazi ya kuweka faili za faharasa katika kumbukumbu iliyobaki wazi. Isipobaki, kila swali hurudi diskini. Ushauri wa kawaida wa Elasticsearch ni kwamba Java isipewe zaidi ya nusu. Tena, karibu na gigabaiti 32 Java hulazimika kutumia anwani ndefu zaidi za kumbukumbu, hivyo kuongeza kidogo tu kupita hapo kunaweza kukupunguzia nafasi badala ya kukuongezea.

Diski nayo ina mtego. Lucene haifuti andiko papo hapo. Hulitia alama tu, kisha baadaye huunganisha vipande vya faharasa na kuandika kipande kipya kabla ya kuondoa vya zamani. Kwa muda, vyote viwili huwapo. Elasticsearch isipobadilishwa mipangilio, diski ikijaa asilimia 85 seva hiyo huacha kupangiwa mafungu mapya ya data, na ikifika 95 faharasa zilizomo hufungwa zisiandikwe.

Basi hesabu ifanyweje? Tuseme gazeti lina makala 400,000. Zichukuliwe 20,000 za miaka mbalimbali na za urefu mbalimbali, ziingizwe kwa mipangilio ileile itakayotumika, kisha faharasa ipimwe. Ikitoka megabaiti 300, zote zitakaribia gigabaiti 6. Tenga 6 nyingine za kuunganishia vipande, ziwe 12. Ili zisipite asilimia 85, diski iwe na angalau gigabaiti 15 zilizo wazi, mbali na za mfumo wenyewe na makala zijazo. Ukitaka nakala pacha kwenye seva ya pili, nayo iwe na nafasi hiyohiyo. Kwa kumbukumbu, gigabaiti 2 za Java, 6 za kubeba faharasa nzima, na kiasi cha mfumo wa uendeshaji: seva ya gigabaiti 16 itafanya kazi bila kuhema.

Anayetaka kununua au kukodi seva asikubali makadirio ya muuzaji kabla ya kufanya jaribio hilo kwa maandishi yake mwenyewe. Kompyuta ya mezani ya kawaida inatosha kulifanya.