Goma: Mipira ya mbele inaisha mbio? Angalia rotuli kwanza

Mjini Goma, jimboni Kivu Kaskazini, wenye magari ya zamani wanaijua shida hii: mipira mipya inawekwa mbele, na baada ya miezi michache upande mmoja umelika. Wengi wanalaumu mpira. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye rotuli, amortisa au paralelisme.

Barabara zinachangia. Volkano Nyiragongo ilimwaga lava mjini Januari 2002, na mitaa mingi imejengwa juu ya mawe hayo. Kila jiwe na kila shimo linapiga sehemu za mbele. Kofia ya mpira inayofunika rotuli ikipasuka, vumbi na maji vinaingia, grisi inatoka, chuma kinasaga chuma.

Dalili zinaonekana mapema: gari inavuta upande, volani haikai sawa kwenye njia iliyonyooka, na kelele ya "ko-ko" inasikika kila unapopita shimo.

Kuchunguza hakuhitaji mashine. Simamisha gari mahali tambarare, inua gurudumu kwa kriki, kisha weka egemeo imara. Mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake. Shika mpira juu na chini, utikise. Ukicheza, mwenzako akanyage freni. Ukiacha kucheza, rulema ndiyo imechoka. Ukiendelea, tazama rotuli ya chini. Halafu shika kushoto na kulia: ukicheza hapo, mara nyingi ni rotuli za direksio.

Paralelisme inakuja mwisho. Kuipanga wakati rotuli bado inacheza ni kutupa franka, kwani kipimo hakitakaa. Fundi asiye na mashine anaweza kutumia kamba na mita: umbali kati ya mipira miwili, kwa mbele na kwa nyuma yake, unapishana milimita chache tu. Rotuli ya direksio ikibadilishwa, kipimo kirudiwe.

Tahadhari pia na rotuli iliyotolewa kwenye gari nyingine kuukuu. Pengine imekwisha kuchoka tayari.

Rotuli ya chini ikichomoka, gurudumu linalala na dereva hawezi kuongoza tena. Kwenye mteremko wa kutoka Masisi kuelekea Sake, gari ikiwa imejaa abiria, hapo hakuna nafasi ya kurekebisha. Franka zisipotosha kwa vyote, anza na rotuli.